Popo wa mlangoni

Mtoto wa khaloo wangu anaishi Uingereza, na safari hii kawapeleka wanawe kwenye lile tamasha la vitabu la Hay, kule Wales, afu usiku wa saa nne akanirushia klipu kumi na mbili watsapu. Bando likanikatikia klipu ya saba. Nilijitanda kanga nikatoka mpaka dukani kwa jirani kununua vocha, maana ilikatika pale pale mchoraji anawauliza watoto: haya, nichore nini?

Hay yenyewe kimji tu, watu wake hata 2,000 hawafiki, yaani Nungwi ukiiweka pembeni yake ni jiji. Lakini tangu 1988 wenyewe wanakusanyika, mwishoni mwa Mei, mahema yanasimamishwa, mvua ikitaka inanyesha na watu wanakanyaga tope na mabuti yao ya mpira, na waandishi wanatoka kila pembe ya dunia. Mie siku zote nilidhani ni mambo ya wazee wenye miwani wanaopongezana. Kumbe watoto wana sehemu yao nzima, na wachoraji wa vitabu vya watoto wanapanda jukwaani kama wanamuziki, karatasi mbele, mkono unaonekana kwenye skrini kubwa, ukumbi mzima kimya unaangalia kalamu inakwenda wapi.

Wenzetu mchoraji wanamheshimu bwana. Wana cheo cha kitaifa kabisa cha mtu wa vitabu vya watoto, na wa kwanza kukishika mwaka 1999 alikuwa Quentin Blake, mtu aliejulikana zaidi kwa kuchora. Afu kuna mama anaitwa Atinuke, kazaliwa Nigeria, makazi yake huko huko Wales, yeye alikuwa msimulizi wa hadithi kwa mdomo kabla hajaandika kitabu hata kimoja. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Si ndo paukwa pakawa ya bibi hiyo? Ila bibi hajakatiwa tiketi na mtu.

Basi klipu ya saba ikafunguka. Kitoto kimoja cha nyuma kikasema samaki aliyevaa viatu. Mchoraji akafikiri kidogo, akauliza, viatu vingapi? Ukumbi ukaangua kicheko, mie kitandani nacheka, mume wangu anauliza kulikoni.

Sijalala vizuri usiku ule. Mie nafundisha nasari hapa Ng'ambo, Unguja mjini, watoto thelathini na kitu, na vitabu vyetu vya picha tumepewa na wafadhili, vizuri vimo lakini vingine wallahi vina theluji na paka wa kulala kwenye kochi. Asubuhi nikaenda kwa kijana mmoja anaechora picha za mtindo wa tingatinga Mji Mkongwe, namjua kwa vile tulisoma skuli moja na dada yake, nikamwambia kaka, njoo utuchoree saa moja tu, hela sina ila chapati na maharage utakula. Akacheka akakubali.

Alikuja Jumatano na mikebe yake ya rangi za mafuta, ile ile rangi inayong'ara aliyoanza nayo mzee Edward Saidi Tingatinga kule Dar mwaka 1968, rangi ya baskeli juu ya hadibodi. Hapa ndo nilikosea, ningemwambia aje na kalamu za maki. Harufu ya rangi ilituingia mpaka kichwani, mtoto mmoja akatia mkono mzima kwenye mkebe wa bluu, na sare yake mpaka leo ina bahari mgongoni. Mama yake kanisemesha, na alikuwa na haki.

Lakini subirini. Kaanza na twiga, mkono umezoea, dakika mbili twiga kasimama. Watoto kimya. Mmoja akauliza, "Ticha, huyo nani?" Sa unamjibuje? Unguja hakuna twiga. Kijana mwenyewe akashika kiuno, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nimechora twiga sijui mia ngapi, na sijawahi kumuona hata mmoja." Anamchora kwa sababu mgeni anaeshuka kwenye boti anamtaka twiga na simba na jua linazama, akishanunua anamkunja anamtia begini.

Nikamwambia waulize wao.

Ehee! Ikawa sokoni. Pweza! Ng'ombe wa babu! Boti ya Azam! Mmoja kataka kima punju, yule kima mwekundu wa msitu wa Jozani, mnyama wetu wenyewe asili yake Unguja hii hii, na kijana wa watu akawa anasitasita, nywele zake za kichwani zimekaaje, mkia mrefu kiasi gani, mpaka watoto wakawa wanamuelekeza, "hapana, mrefu zaidi, zaidi!" Jasho linamtoka. Nikamuona anafurahi kwa namna ambayo kwenye kibanda chake sijamuona nayo.

Nikamkumbuka John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anaeandika na kuchora mwenyewe kwa mtindo huo huo wa tingatinga, anazunguka vijijini kukusanya hadithi za wazee. Ile ya sokwe anaepeleka samaki sokoni na rafiki yake mbwa mwenye njaa anawamezea mate, watoto wa Uswisi wameisoma kwa Kijerumani na wa Canada kwa Kiingereza. Nakala niliyowahi kushika mie ni ya Kiingereza, kaiacha mgeni gesti kwa shoga yangu. Roho iliniuma kidogo, sisemi uongo. Na Italia kule Bologna kuna maonesho ya vitabu vya watoto tangu 1964, vijana wanabandika michoro yao ukutani ili mchapishaji akipita aione. Huyu wetu ukuta wake ni uchochoro wa Mji Mkongwe.

Wa mwisho alikuwa kitoto kutoka Pemba, kwao karibu na Kidike, kwenye hifadhi ya popo, hasemi sana darasani. Akataka popo. Wale popo wa Pemba wakubwa, mbawa zikitandazwa zinapita mita moja na nusu. Kijana akamchora vizuri, masikio juu, miguu chini, kama ndege katua. Mtoto akatikisa kichwa. Kijana akaongeza kucha. Akatikisa tena. Ikabidi ainuke mwenyewe, akaishika ile hadibodi mbichi kwa vidole viwili akaigeuza juu chini. Akarudi kukaa.

Tumeitundika mlangoni hivyo hivyo. Kila mzazi anaekuja kuchukua mtoto lazima anyooshe mkono aigeuze, na kila mara ukelele unatoka darasani, "Muwacheee!"