Dakika Moja ya Dukani: Utamu wa Killing Floor 2

Ukimwona mtu anacheza Killing Floor 2 peke yake, ngazi ya Normal, utadhani ni gemu ya kufyatua risasi tu na damu kutapakaa ukutani. Damu ipo kweli, na hubaki palepale mechi ikiendelea. Ila utamu wenyewe uko kwenye ile dakika moja hivi kati ya wimbi moja la maadui na jingine, duka likiwa wazi: watu sita wanabishana nani ana pesa, nani hana cha kumwangushia Scrake, lile zimwi la msumeno, na nani amekimbilia bunduki ya fahari huku kinga yake ya mwili ni sifuri.

Kwa asiyeijua, Tripwire Interactive waliikamilisha 2016. Ile ya kwanza ilitoka 2009, nayo ilizaliwa na modi, yaani mabadiliko ya mashabiki, ya gemu ya Unreal Tournament 2004. Wachezaji ni hadi sita, dhidi ya viumbe wanaoitwa zedi. Mnachagua mawimbi 4, 7 au 10, halafu anakuja bosi. Wimbi haliishi mpaka zedi wa mwisho afe. Ukifa, unakaa unatazama wenzako hadi wimbi liishe, kisha unarudi na silaha za kuanzia tu. Mkifa wote, mechi imekwisha, na hakuna pa kuhifadhi mchezo katikati.

Hofu ya gemu hii inatokana na sheria hizo zaidi ya sura za mazimwi. Wimbi la nane kati ya kumi, mmebaki wawili, mmoja ana risasi sita: hapo hata Clot, ambaye ni mmoja wa zedi dhaifu, anatisha. Clot hakuui haraka. Anakushika tu usiondoke, na nyuma yake kuna mwenye msumeno.

Turudi dukani. Kila mchezaji anabeba mzigo wa uzito wa 15, kwa hiyo bunduki mbili nzito haziendi pamoja. Nunua kinga na risasi kwanza, silaha mpya baadaye. Wageni wengi hufanya kinyume, wanaingia wimbi lijalo na bunduki kali yenye magazini mbili. Pesa unaweza kumrushia mwenzako: kitufe cha B kwenye kibodi hutoa 50 kila unapobonyeza. Apewe kwanza aliyetoka kufa, maana hana kitu na pesa za kuanzia hazimfikishi mbali. Mchoyo kwenye gemu hii anajiadhibu mwenyewe, kwa sababu mwenzake asiye na silaha akianguka, zedi aliokuwa akiwazuia wanamgeukia yeye.

Sasa zedi wenyewe, na hapa ndipo vikosi vingi hufia. Scrake, mwenye msumeno, hutembea polepole mpaka ajeruhiwe vya kutosha. Baada ya hapo anakimbia. Kosa kubwa ni watu wanne kumchokoza kwa bunduki ndogo kila mmoja kwa wakati wake, mwishowe anachachamaa akiwa bado na uhai mwingi. Mwacheni aje, mmoja ahesabu kwa sauti, wote mpige kichwa kwa pamoja. Milipuko haimsumbui sana. Fleshpound, zedi mwingine mkubwa, ni kinyume chake: huyo milipuko inamuumiza, kwa hiyo mtunzieni roketi. Taa yake ya kifuani ikigeuka nyekundu, kila mtu aache alichokuwa anafanya. Akiwaona kwa muda bila kushughulikiwa hukasirika hata kama hajaguswa, kwa hiyo kumkwepa tu si mpango.

Siren auawe mapema, kwa sababu kelele yake huharibu guruneti na roketi zikiwa bado hewani, na Demolitionist wenu, yaani mchezaji aliyechagua fani ya milipuko, anabaki hana kazi. Husk ana tangi mgongoni. Lipigeni likiwa katikati ya kundi. Stalker haonekani kwa macho ya kawaida. Mchezaji wa fani ya Commando ndiye anayemwona, kwa hiyo Commando asiyesema ni nusu ya Commando.

Mkiwa wanne, chukueni fani za Field Medic (mganga), Support (msaidizi), Commando, na mmoja wa kushughulika na wakubwa, yaani Sharpshooter au Demolitionist. Support anachomelea milango haraka, na akipanda viwango anaweza kuchagua ujuzi wa kuwagawia wenzake risasi. Medic wawili kwenye kikosi cha wanne mimi siwapendi: mtaishi sana, lakini hamtaua. Zedi huongezeka kwa idadi ya wachezaji, na wale wakubwa huongezewa uhai. Kwa hiyo msimu wa korosho ukianza, wengine wakaenda mashambani Newala au Masasi, mkabaki watatu Mtwara mjini, gemu inajipunguza yenyewe na bado inachezeka.

Na jambo hili husahaulika: vaeni hedifoni. Msumeno, mngurumo wa Fleshpound na ukelele wa Siren husikika kabla mwenyewe hajaonekana, na vinakwambia anatokea upande gani. Spika moja kubwa ya sebuleni inaua nusu ya gemu, hasa mkicheza baada ya isha na majirani wanataka kulala.

Kwa huku kwetu Mtwara na Lindi, kucheza kwenye seva za Ulaya ni kujitesa. Ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi, inapita milisekunde mia na kitu, unapiga kichwa ambacho kimeshaondoka. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata hiyo ikawa ndoto. Dawa ni seva ya ndani. Programu ya seva ni ya bure: kwenye SteamCMD (zana ya Steam ya kuandika amri) ingia kama anonymous, kisha andika app_update 232130. Washa KFServer.exe ukitaja ramani, mfano KF-BioticsLab, iache itengeneze mafaili yake, kisha uizime. Fungua PCServer-KFGame.ini, weka GameLength=0 kwa mawimbi 4 na GameDifficulty=1 kwa ngazi ya Hard. Kwenye PCServer-KFEngine.ini badilisha bUsedForTakeover iwe FALSE, la sivyo ukiwa na intaneti wageni wanaweza kuichukua seva yako.

Swichi ya mtandao iwe ya porti 8, kwa sababu ya porti 5 haiwatoshi watu sita. Ipe seva anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Wengine wafungue konsoli ya gemu, yaani kidirisha cha kuandikia amri, na kuandika open 192.168.1.10. Isipounganisha, tatizo huwa ni ukuta wa moto wa Windows: ruhusu porti 7777 ya UDP. Kila mtu anahitaji akaunti yake ya Steam na gemu yake, na masasisho yashushwe siku kabla, kwa sababu toleo likitofautiana hamtaingia na bando litaisha mkisubiri.

Mashine dhaifu zicheze ile ya 2009, ambayo ni nyepesi mno na kwa hofu haijazidiwa sana. Joto la Desemba hadi Machi nalo huzifanya laptop zipunguze kasi zenyewe: shusha vivuli, funga fremu kwenye 60 kwa sekunde, inua laptop isilale kitandani.

Umeme ukikatika, laptop zina betri. Swichi na seva hazina. Ziwekeni hizo mbili kwenye UPS (betri ya akiba), au laptop yenye betri nzima iwe ndiyo seva, na mchague mawimbi 4, maana hiyo ni nusu saa hivi. Mawimbi 10 yaacheni kwa usiku ambao mna uhakika na umeme.