Bonyeza Tabu

Mwaka 2012 nilikuwa nauza steshenari ya mama mmoja pale karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Nasema kuuza, lakini kazi ilikuwa kila kitu: kuchapa barua, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kukata pasipoti saizi, na jioni kufagia. Kompyuta ilikuwa moja, mtumba, memori 1 GB, feni yake inakoroma kama hiace ya Kiboriloni iliyojaza.

Virusi ndivyo vilivyotufikisha kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows; hakuna aliyekaa akachagua. Wakati ule flashi za mtaani zilikuwa na kile kirusi cha kuficha mafolda na kuacha vinjia vya mkato vyenye majina yaleyale. Mteja anachomeka yake kwetu ikiwa nzima, anaondoka nayo mgonjwa. Mwalimu mmoja alirudi, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya darasani, "Hapa wanagawa kipindupindu." Mama hakusema neno siku nzima. Jumamosi akaita fundi.

Fundi mwenyewe kijana mpole, begi limejaa nyaya. Akafuta Windows pamoja na programu zetu zote za CD za barabarani, zile zenye namba ya siri iliyoandikwa kwa peni kwenye kava, akaweka Ubuntu 12.04, aina mojawapo ya Linux. Akatuambia jina hilo limetoka Afrika Kusini, ni utu huu huu wetu, na kwamba kila toleo hupewa mnyama wake. Hili lililotoka Aprili lilikuwa la kakakuona. Mama, aliyekuwa amekunja mikono muda wote, akailegeza hapo hapo. Kakakuona ni mnyama wa heri. Kwao akionekana, wazee humwekea maji, nafaka na silaha, wakaangalia atakimbilia kipi, ndiyo wajue mwaka utakuwaje. "Basi mwache akae," akasema, utadhani mnyama mwenyewe kaingia ndani ya lile kasha.

Kunifundisha mimi kulichukua nusu saa na mgongo wa risiti. Programu za huku, alisema, hazitafutwi barabarani. Ziko ghalani, kwenye intaneti, na ukitaka kitu unakiagiza kwa jina. Akaandika amri ya kuchapa kwenye dirisha la maandishi matupu, *sudo apt-get install*, akachora mstari chini ya kila neno: sudo ni kubisha hodi kwa mwenye nyumba, apt-get ndiye mtu wa kutumwa ghalani, install ni shughuli aliyotumwa, na mwisho unaweka jina la mzigo. Nikaitikia kila alichosema. Sikuwa nimeelewa, ila Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ikafika Alhamisi. Baridi ya Julai, mlima umejifunika tangu asubuhi, Mama amekwenda kwenye vikoba. Akaingia mwanachuo wa Ushirika na ripoti yake ya field kwenye flashi, kurasa 38, ya kukabidhi saa kumi. Alikuwa ameichapa kwa Calibri na mwongozo wa chuo unataka Times New Roman, saizi 12, nafasi moja na nusu. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikafungua LibreOffice, programu ya kuandikia ya huku, nikashuka kwenye orodha ya fonti. Kuna Liberation Serif, kuna Ubuntu, kuna majina ya Kihindi nisiyoweza hata kuyatamka. Times haipo.

"Tumia hii, zinafanana," nikamwambia.

"Dada, hii siyo Times. Msimamizi wangu ana macho."

Nikambipu fundi. Alikuwa Himo, akapiga baada ya dakika chache. Fonti za Microsoft, akasema, haziji na Ubuntu kwa sababu ya leseni, lakini ghalani kuna mzigo ambao kazi yake ni kwenda kukuchukulia. Akanitajia jina herufi kwa herufi, nami nikaliandika kwenye kiganja: *ttf-mscorefonts-installer*. M ya mama, s ya samaki, c ya chai. Hata leo naweza kuliandika usingizini.

Mara ya kwanza nilisahau sudo pamoja na kile kistari cha apt-get. Ikajibu amri hiyo haipo. Mara ya pili ikaniomba nywila. Nikaandika, hakikutokea kitu. Si herufi, si nyota, kijiti kinapepesa pale pale. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Nikainama chini ya meza kuangalia waya wa kibodi, nikauchomoa, nikaurudisha, nikajaribu tena, kimya. Kumbe ndivyo inavyofanya. Inapokea ila haionyeshi, hata idadi ya herufi inaificha. Niliigundua kwa hasira tu: niliandika bila kutazama, nikapiga Enta, ikakubali.

Halafu ikagoma. Ikasema imeshindwa kupata kufuli, kuna mwingine ameishika. Mwingine yupi, na dukani tuko wawili? Nikabipu tena.

"Hakuna dirisha la Update Manager hapo?"

Lilikuwepo, nyuma ya LibreOffice. Asubuhi lilijitokeza lenyewe likaniuliza kama liweke masasisho, nami nikabonyeza ndiyo kwa adabu, kama unavyomkaribisha mgeni usiyemjua. Tangu saa tatu lilikuwa linapakua mamia ya megabaiti kwenye modemu yetu, kwa bando ambalo Mama alikuwa ameliweka jana yake. Fundi akacheka. Ghala lina ufunguo mmoja, akasema, na aliye ndani hafungui mpaka amalize au atoke, ili wawili wasije wakavurugana humo. Kabla sijajua nimtoeje, bando likaisha. Dirisha likalalamika, likafunga. Ufunguo nikaupata, barabara ikakosekana.

Nikaenda kwa Mangi jirani, nikanunua vocha ya elfu mbili kwa hela yangu ya nauli na chakula. Mwanachuo amekaa kwenye benchi, anatazama saa ya simu, hasemi. Afadhali angesema.

Safari hii ikaenda. Mistari ikapanda mmoja baada ya mwingine kwenye lile dirisha la rangi ya bilinganya, nikaanza kujisikia mtaalamu. Mara ikasimama. Katikati kikatokea kisanduku cha kijivu kimejaa Kiingereza cha mawakili, chini kabisa pameandikwa Ok ndani ya vimshale viwili. Nikabofya ile Ok kwa mausi. Haikuitika. Nikabofya mara mbili, nikabofya kitufe cha kulia. Enta, hakuna. Mshale wa chini, maandishi yakapanda, Ok imekaa pale pale kama picha ukutani. Mwisho nikafunga dirisha lote, nikaanza upya tangu hodi. Kisanduku kikarudi kilekile, neno kwa neno.

Wakati huo ilikuwa saa tisa na robo. Nikampigia fundi moja kwa moja, salio liishe liishavyo. Himo kulikuwa na upepo, au alikuwa kwenye pikipiki, sauti inakatika.

"Bonyeza tabu!"

"Kaka, tabu ninayo tayari."

"Bonyeza tabu, halafu Enta!"

"Tabu gani tena unaniongezea, kaka? Mteja yuko hapa!"

Simu ikakata. Mwanachuo, ambaye alikuwa amesikia yote kwa sababu simu yangu ilikuwa ya spika kubwa, akainuka kwenye benchi, akaja nyuma ya meza, akanyoosha kidole upande wa kushoto wa kibodi. Juu ya kile kitufe cha herufi kubwa kuna kitufe chenye mishale miwili inayotazamana kinyume, na kwenye kibodi yetu neno lenyewe lilishafutika kwa vidole vya miaka. Tab. Mimi nilikuwa nakitumia kusogeza aya tu, sikuwahi kukiita jina.

Nikabonyeza. Ile Ok ikabadilika rangi.

Sijui nieleze vipi. Zaidi ya nusu saa nilikuwa naamini nimeharibu kompyuta ya watu, nahesabu nitailipa kwa miezi mingapi, kumbe ilikuwa imeniuliza swali na inanisubiri. Nikapiga Enta. Ikaja ya pili: unakubali masharti, ndiyo au hapana? Mkono ulikuwa tayari umeshakwenda kwenye Enta, mwanachuo akaudaka. Uchaguzi ulikuwa umesimama kwenye hapana. Tukausogeza kwa Tab, sasa tukiita kwa jina lake jipya, "tabu moja," akasema, na Enta.

Ikaanza kuchukua fonti moja moja, tukisoma majina kwa sauti: andale32, arial32, comic32, courie32, georgia imekatwa mkia. Modemu inawaka bluu, inazima, inawaka. Ilipofika times32 mwanachuo akapiga makofi.

Nikarudi LibreOffice. Times haipo. Nilitaka kulia. Nikaifunga ile programu kwa kukata tamaa tu, nikaifungua tena, na ndipo ikaziona: Times New Roman hiyo hapo. Kurasa 38 kwa shilingi 200, printa ikazitoa moto, akakimbia nazo bila kuzibana.

Miaka baadaye ndiyo nilikuja kujua kwamba Liberation Serif, ile niliyomwonyesha mwanzo akaikataa, ilitolewa na Red Hat mwaka 2007 kwa kusudi hilo hilo: herufi zake zimepewa upana uleule wa Times New Roman, ili mstari ukatike palepale na ukurasa uishie palepale. Msimamizi angehitaji rula na glasi ya kukuzia.

Mama alirudi saa kumi na moja, akaketi, akataka kutuma baruapepe. Modemu haikuitika. Nikamweleza yote, kufuli, ghala, tabu, nikamwonyesha na orodha ya fonti. Akaisoma polepole mpaka mwisho, akauliza kama ile Comic Sans ingefaa kwenye kadi za kipaimara. Nikasema ingefaa sana. Hakuulizia bando tena.

Mwisho wa mwezi nikakuta mshahara umepungua. Kwenye daftari lake la makato, kwa kalamu nyekundu, chini ya mkopo wangu wa sukari, ameandika: Ubuntu, 5,000.