Nilivyopiga hesabu ya safari ya Los Angeles hadi Sydney

Dada yangu alikuwa anaolewa Sydney, Jumamosi moja ya Januari, saa nane mchana. Mimi nilikuwa Los Angeles. Nikachagua ndege ya Alhamisi usiku, mwendo wa saa 15. Kichwani nikajumlisha: Ijumaa mchana nimefika, nalala, Jumamosi naamka mzima. Nilikuwa karibu kulipa nilipoona "+2" pembeni mwa saa ya kufika.

Siku mbili zinatoka wapi? Nikaanza na umbali, nijiridhishe kwamba hizo saa 15 ni za kweli. Ramani ya ukutani haikunisaidia: Los Angeles iko kushoto kabisa, Sydney kulia kabisa, kana kwamba ndege inavuka Atlantiki na Afrika nzima. Nikachukua tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, nikavuta uzi juu ya Pasifiki kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo kwenye tufe hilo sentimita moja ni kilomita 425 hivi. Uzi ulizidi kidogo sentimita 28. Umbali wenyewe, kiwanja hadi kiwanja, ni takribani kilomita 12,050.

Ukienda kilomita 900 kwa saa, hizo ni saa 13 na dakika 23. Muda unaobaki una sababu zake. Ratiba huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, na huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Sydney hupambana nao, anayerudi husukumwa nao, ndiyo maana kurudi ni saa 13 na nusu tu.

Kilichonitoa jasho ni siku. Nilihesabu mara tatu nikapata majibu matatu, hadi nilipopeleka kila kitu kwenye saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima ambayo saa za kila mahali hupimwa kwayo, tena kwa tarakimu za tiketi. Kazi ya kuzigeuza kuwa saa zetu za Kiswahili nikaiacha hadi mwisho. Januari, Los Angeles iko nyuma ya UTC kwa saa 8. Sydney, ambako ni kiangazi na saa zimesogezwa mbele, imetangulia kwa saa 11. Kuondoka Alhamisi 22:30 ni Ijumaa 06:30 UTC. Jumlisha 15: Ijumaa 21:30. Jumlisha 11: Jumamosi 08:30. Yaani ningetua saa mbili na nusu asubuhi ya siku ya harusi yenyewe, na ndege ikichelewa kidogo tu, dada anaolewa sipo.

Nikachukua ya Jumatano. Nilifika Ijumaa asubuhi, nikamsindikiza kujaribu gauni jioni ile.

Kurudi, niliondoka Sydney Jumatatu saa nne asubuhi nikatua Los Angeles saa kumi na nusu alfajiri, Jumatatu ileile. Nilipompigia dada kumwambia nimefika salama, kwake ilikuwa saa tano na nusu usiku, na alikuwa bado macho akiningojea.