Mheshimiwa, kampuni ikishindwa nani ataubeba mzigo?

Bunge la Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada, lina wabunge 19 na halina chama hata kimoja. Kila mbunge huchaguliwa kwa jina lake jimboni kwake, kisha wote 19 hukutana na kuchagua miongoni mwao, kwa kura ya siri, Waziri Mkuu na mawaziri sita, na wale 12 wanaobaki, ukimwondoa Spika, ndio wanaoihoji Serikali. Kwa hiyo waziri anaposimama katika ukumbi ule wa duara mjini Yellowknife kujibu maswali kuhusu huduma za umma zinazokabidhiwa kampuni binafsi, hana wabunge wa chama chake wa kumpigia makofi, wala hana kambi ya upinzani ya kuitupia lawama. Anayemuuliza huenda ndiye aliyempigia kura ya uwaziri.

Nimevutiwa na mijadala ya Bunge hilo kwa sababu nililelewa Dar es Salaam, na nakumbuka jinsi huduma ya maji ya jiji ilivyokabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2003 na mkataba wenyewe ukavunjwa na Serikali mwaka 2005. Katika miaka ile tulijibiwa mengi kuhusu uwekezaji na ufanisi. Jambo moja halikuwahi kujibiwa kwa ukamilifu, nalo ni utaratibu wa kuirudisha huduma mikononi mwa umma iwapo mambo yangeharibika. Naamini hilo ndilo swali ambalo mbunge yeyote wa kaskazini anapaswa kulitanguliza, na ndilo ambalo waziri anayejibu anapaswa kulazimika kulijibu kabla mkataba haujasainiwa.

Mfano bora uko katika historia ya eneo hilo lenyewe. Northwest Territories ina watu wapatao 41,000 kwa sensa ya mwaka 2021, na karibu nusu yao wanaishi Yellowknife. Waliobaki wametawanyika katika miji midogo na vijiji ambavyo vingi havina barabara ya kupitika mwaka mzima. Kwa vijiji vya Mto Mackenzie na vya pwani ya Aktiki, mafuta ya kupashia nyumba joto, magari, mbao, saruji na vyakula vikavu hutegemea matishari yanayopakiwa Hay River, kwenye Ziwa Great Slave, na kukokotwa kuteremka mto katika miezi michache ambayo maji hayajaganda. Kwa miongo kadhaa kazi hiyo ilifanywa na shirika la Serikali ya Kanada, Northern Transportation Company Limited. Mwaka 1985 shirika hilo liliuzwa. Haki inanitaka niseme kwamba wanunuzi hawakuwa matajiri kutoka mbali: yalikuwa mashirika ya Wainuvialuit na Wainuit wenyewe, yaani wenyeji wa pwani inayohudumiwa na matishari hayo. Ukitafuta ubinafsishaji wenye nia njema na wenye manufaa kwa wenyeji, ule ulikuwa mmojawapo.

Hata hivyo, mwaka 2016 kampuni ililemewa na madeni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Biashara ya kuhudumia utafutaji wa mafuta na gesi ilikuwa imefifia, na kusafirisha mizigo ya vijiji peke yake hakukutosha kulipa gharama. Wakati huo ndipo ilipodhihirika dhamana ilikuwa ya nani. Serikali ya Northwest Territories ilinunua matishari, boti za kukokota na mali nyingine kwa dola za Kanada milioni 7.5, na tangu hapo huduma inaendeshwa na Serikali kwa jina la Marine Transportation Services. Serikali haikufanya hivyo kwa itikadi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuhakikisha kwamba mafuta yatafika kabla ya majira ya baridi, na waziri hawezi kuwaambia wanakijiji kwamba soko limeamua wasipate mafuta.

Si kwamba matishari yakiwa ya Serikali hayakwami. Mwaka 2018 mzigo wa Paulatuk, kijiji cha watu takribani 300, pamoja na ule wa Kugluktuk na Cambridge Bay katika eneo jirani la Nunavut, haukufika kwa njia ya maji, kwa kuwa msimu ulichelewa na barafu ikafunga njia. Familia zilizokuwa zimelipia pikipiki za theluji na vifaa vya ujenzi zikabaki zikisubiri, huku bidhaa muhimu zikisafirishwa kwa ndege kwa gharama kubwa. Lakini tuangalie kilichofuata: waziri mhusika alihojiwa Bungeni, na maelezo yake yakaingia katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Mkurugenzi wa kampuni binafsi hawezi kuitwa kila siku kwenye kipindi cha maswali.

Kanuni za Bunge hilo zinampa mbunge swali moja la msingi na matatu ya nyongeza. Ni nafasi finyu. Mbunge akiyatumia yote manne kuuliza kama ajira zitapotea, atapewa ahadi kwamba hazitapotea, kisha atakaa. Ajira ni jambo zito, nami siwabezi wanaolipigania. Chama cha wafanyakazi wa kaskazini kililipigania kwa nguvu wakati hospitali mpya ya Stanton, mjini Yellowknife, ilipojengwa kwa ubia na sekta binafsi na kufunguliwa mwaka 2019. Katika mpango ule madaktari na wauguzi walibaki chini ya umma, ilhali jengo na matunzo yake yalikabidhiwa wabia kwa mkataba wa muda mrefu. Mwaka wa kumi au wa ishirini wa mkataba wa namna hiyo, waliousaini watakuwa wameondoka Bungeni, na mbunge atakayekuwepo atauliza maswali yake akiwa amefungwa na vifungu ambavyo hakuvijadili.

Mawaziri hujitetea kwa kusema kwamba masharti ya kibiashara ni siri na kwamba kuyatangaza kutawakimbiza wazabuni. Bei ya mzabuni kabla ya uamuzi inaweza kuwa siri, hilo nalikubali. Sioni ni kwa namna gani kifungu kinachoeleza nani atalipa kampuni ikifilisika kiwe siri kwa watu watakaolipa. Kifungu hicho kinapaswa kuwekwa mezani Bungeni kikisomeka kizima, kikiwa na makadirio ya gharama ya kurudisha huduma serikalini, na kielezwe kwa wananchi katika lugha zao, kwa kuwa eneo hilo lina lugha rasmi 11 na wakalimani wake wapo.

Wabunge wa kawaida, yaani wasio mawaziri, wana uwezo wa kulidai hilo. Baraza la mawaziri lina kura saba, na hata Spika akitolewa miongoni mwa wale 12, kura 11 zinabaki upande wa pili. Bajeti haipiti bila baadhi yao kuikubali, na waziri anayekataa kuonyesha kifungu hicho anaweza kunyimwa fungu la mradi wake.