Tikiti ya saa nne na nusu: tulivyopanga safari ya Andalusia watu wanne

Kwa miaka mitatu kundi letu la WhatsApp liliitwa "Hispania Inshallah". Tuko wanne, tulisoma shule moja Mombasa, maisha yakatutawanya: mimi London, mmoja Nairobi, mmoja Hamburg, mmoja Muscat. Kila Desemba mmoja wetu alituma picha ya Alhambra, ile ngome na majumba ya wafalme Waislamu kule Granada, kusini mwa Hispania, wengine wakajibu kwa mioyo, kisha kimya hadi Desemba nyingine.

Kalenda ndiyo iliyotukwamua. Mimi ni muuguzi, likizo yangu huiomba miezi minne kabla, kwa hiyo ilibidi nitaje tarehe au ninyamaze. Kiangazi hatukukitaka. Sevilla na Córdoba mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 40, na la kule ni kavu, halina hata upepo wa bahari wa kukupooza. Pasaka kuna maandamano ya Semana Santa, yaani Wiki Takatifu, halafu sherehe za Aprili pale Sevilla, na vyumba hupanda bei mpaka unajiuliza kama unanunua nyumba. Ramadhani ya 2025 ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Machi. Ikabaki Februari. Tukashika tarehe 10 hadi 16, usiku sita.

Basi kila mtu akamwaga yake. Wa Hamburg, ambaye sisi tunamwita Mjerumani, alitaka Ronda akaone lile daraja juu ya bonde. Bi Muscat alitaka Cádiz, kisha tushuke Tarifa tupande feri ya saa moja tu hadi Tangier, "tukanywe chai ya nanaa turudi". Mimi nilitaka Granada, Córdoba na Sevilla. Wa Nairobi, Mhasibu, mweka hazina wa kila chama alichowahi kuingia, hakutaka mji wowote, aliuliza bei. Nilipohesabu nikapata miji saba kwa siku sita. Hayo si matembezi, ni kuhamahama.

Tangier ilikatwa na viza, si na mimi. Watatu kati yetu tuna pasipoti za Kenya, na ukipewa viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Moroko umeshatoka. Kurudi Hispania huwezi. Gibraltar, kipande cha Uingereza kilichoshikana na Hispania, nayo wakati huo ilikuwa hivyo hivyo, ingawa unaiona kwa macho. Bi Muscat alinuna siku mbili. Ronda na Cádiz tuliziacha kwa kura, na kura za marafiki, mnajua wenyewe, hazina siri.

Hapo nikawaambia: jamani, tusipange miji, tupange tikiti moja. Alhambra ndiyo msumari, vingine vyote tutavitundika hapo.

Nilikuwa na sababu. Alhambra huendi tu ukapanga foleni. Idadi ya watu ina kikomo, na Majumba ya Wanasri, ukoo wa wale wafalme, yale yenye Ua wa Simba ambayo ndiyo hasa unayoyafuata, huingiwa kwa saa iliyochapishwa kwenye tikiti yako. Ukichelewa saa hiyo utazunguka bustani za Generalife na ngome, lakini majumba utayaona kwenye simu ya mwenzio. Tikiti ina jina na namba ya pasipoti. Sisi wenye majina matatu, la kwetu, la baba na la babu, ilibidi tuyaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, si kama tunavyoitwa.

Nilipofungua tovuti wiki saba kabla, Jumatano tarehe 12 ilikuwa bado na nafasi nne za pamoja saa 10:30 asubuhi. Shida ni kwamba viza hazijatoka, na tikiti hizo ukishanunua hurudishiwi pesa kwa kuwa eti umenyimwa viza. Mhasibu akasema tusubiri. Nikamwambia tukisubiri viza tutakuwa na viza bila Alhambra, na hapo tumefuata nini? Tukinyimwa, kila mtu kapoteza hela ya chakula cha mchana. Nikanunua nne palepale, kwa kadi yangu, kabla hajamaliza kuandika jibu.

Viza yenyewe sitaieleza sana maana kila mtu ana kilio chake. Mjerumani ana kibali cha kuishi Ujerumani, hakuhitaji. Sisi watatu tuliomba katika miji mitatu tofauti: euro 90 kila mmoja, bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, taarifa za benki, barua za kazini. Kilichotusaidia ni karatasi moja ya mpango wa safari, siku kwa siku, tuliyoiambatisha wote bila kubadilisha neno. Vyumba tulivishika vya aina unayoweza kufuta bila faini. Miadi ya kupeleka makaratasi ndiyo ilikuwa mtihani. Nilikuwa naamka usiku kuangalia kama kuna mtu kaghairi. Viza yangu ilitoka siku tisa kabla ya ndege.

Kutoka kwenye ule msumari mambo yalijipanga yenyewe. Jumatano asubuhi lazima tuwe Granada, kwa hiyo Jumanne tulale Granada. Ndege za bei nafuu zinatua Málaga, kwa hiyo Jumatatu ni Málaga. Málaga hadi Granada tulichagua basi, kama saa moja na nusu au kidogo zaidi, unapita mashamba ya mizeituni mpaka yanakuchosha. Granada hadi Córdoba kuna treni ya mwendokasi, na Córdoba hadi Sevilla ni dakika 45 tu. Na hili nawasisitizia: tulikata tiketi za ndege za kuingilia Málaga na kutokea Sevilla. Kurudi Málaga kufuata ndege kungekula nusu siku nzima.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilipomaliza kununua tikiti za Alhambra niliandika kwenye kundi: "Alhambra Jumatano saa 4 na nusu, msichelewe." Wote wakajibu sawa. Wiki moja kabla ya safari Mjerumani akatuma: "Mimi nalala Málaga Jumanne. Basi langu Jumatano linaingia Granada 13:00, tutakula kwanza kisha tupande."

Nikamwuliza, "Tupande wapi?"

"Si Alhambra 4:30?"

Nilikaa kitandani. Saa nne na nusu yangu ni ya asubuhi, ya kuhesabu toka jua kuchomoza, kama mama alivyonifunza. Mwenzangu ana miaka ishirini Ujerumani. Anaongea Kiswahili chetu cha Mombasa vizuri sana, lakini saa kichwani mwake ni ile ya ukutani. Nne na nusu kwake ni jioni. Nikampigia.

"Shoga, ni asubuhi! 10:30!"

Kimya. Kisha akasema, "Wewe unaishi London mwaka wa kumi na moja, bado unasoma saa ya Mombasa?"

Hakuwa na kosa. Alibadilisha basi akapanda la Jumanne usiku baada ya kutua, akaingia Granada karibu saa sita, chumba alichokuwa amelipia Málaga kikaenda na maji. Mhasibu alikataa katakata mfuko wa pamoja ubebe hasara hiyo, nami nikamlipia nusu. Tangu hapo jedwali letu likawa na saa za tarakimu ishirini na nne, jina la mji pembeni, na neno "saa" tukalipiga marufuku.

Mfuko wa pamoja ulikuwa hivi: kila mtu alitoa euro 180 siku ya kwanza, zikawa 720, akazishika Mhasibu kwenye kipochi chenye zipu. Chakula, mabasi, teksi na maji vyote humo. Zawadi na vitu vya kujipodoa, kila mtu na mkoba wake. Hatukugombana pesa hata mara moja, na hilo kwa watu wanne si dogo. Tuligombana juu ya bafu.

Granada tulipanga nyumba Albaicín, mtaa wa zamani ulio mlimani unaotazamana na Alhambra. Picha hazikuonyesha mlima. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji wa Kale, vimetandikwa kokoto, na sanduku la magurudumu juu ya kokoto lina sauti ya kuamsha mtaa. Wenyewe wana mabasi madogo yanayopanda huko. Sisi tuliyajua tulipokuwa tunashuka.

Asubuhi ya 10:30 tulikuwa mlangoni saa nzima kabla, wote wanne. Sitajaribu kuyaeleza majumba yale yote. Nitasema kimoja tu. Kwenye kuta, juu ya vigae, plasta imechongwa maandishi ya Kiarabu yanayojirudia mamia ya mara: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu, kaulimbiu ya watawala Wanasri. Bi Muscat alikuwa anayasoma kwa kidole hewani. Mimi niliyatazama zaidi yale matundu madogo ya ukutani yenye nakshi, nikawakumbuka mafundi wa Lamu na zidaka za nyumba ya bibi yangu. Sisemi yametoka huku. Ninasema mkono unaochonga plasta huutambua mkono mwenzake.

Jioni tuliswali Alasiri kwenye msikiti wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003, karibu na uwanja wa San Nicolás. Bustani yake inaitazama Alhambra uso kwa uso, na nyuma milima ya Sierra Nevada ilikuwa nyeupe kwa theluji. Bei ya mandhari hiyo ni kuvua viatu.

Kuhusu chakula, jifunzeni maneno mawili tu: sin jamón, yaani bila paja la nguruwe la kukaushwa. Tulidhani kutoagiza nyama kunatosha. Salmorejo ya Córdoba ni supu baridi ya nyanya na mkate, nzito kama uji, na juu yake hunyunyiziwa vipande vya nguruwe pamoja na yai. Hata maharage mara nyingine huwa yamepikiwa mafuta yake. Tuliishi kwa samaki, mayai, na biringani za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa, ambazo ningezila hata leo. Na jiko hufungwa. Tulifika Córdoba 16:20 Alhamisi tukiwa na njaa ya safari, kila mkahawa viti viko juu ya meza. Chakula cha usiku ni kuanzia 20:30. Tulishinda kwa biskuti na machungwa mpaka Mjerumani akaacha kuzungumza na watu.

Neno lingine tulilikuta bure. Kihispania kilibeba Kiarabu kingi kama sisi, basi kila mara tunagutuka: sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, limau ni limón, fulani ni fulano. Kwenye treni tangazo lilisema hasta Sevilla, na Mhasibu akasema, "Hata Sevilla! Si ndiyo hata ya bibi zetu, toka asubuhi hata jioni?" Ni hiyo hiyo, hatta ya Kiarabu.

Msikiti mkuu wa Córdoba, ambao ni kanisa kuu tangu 1236, huingiwa bure Jumatatu hadi Jumamosi 8:30 hadi 9:30. Kwenye jedwali niliuweka Ijumaa kwa ajili ya kuokoa pesa, sikufikiria siku. Tuliingia gizani, nguzo zaidi ya 800, matao ya mistari myekundu na myeupe yakipokezana mpaka macho yanapotea. Kuswali humo Mwislamu haruhusiwi, na walinzi wapo. Tulisimama mbele ya mihrabu, dhahabu yake inawaka, Bi Muscat akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Hakuna aliyesema kitu. Kabla ya saa kwisha tukaombwa tutoke, misa inaanza.

Sevilla nitaipita mbio maana tulichoka. Vyumba vilikuwa ghali kwa sababu Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe 14 Februari, na mimi mpanga safari sikuwa nimekumbuka kuna wapendanao duniani. Mnara wa Giralda ulikuwa wa msikiti, na unaupanda kwa mteremko, si ngazi, hadi karibu na kengele. Mitaani michungwa imejaa, mingine bado ina matunda. Mhasibu akaokota moja, akalimenya, akatia kipande mdomoni mbele yetu kwa mbwembwe. Uso ukajikunja.

"Danzi!" akasema, akitema. "Mji mzima wamepanda madanzi!"

Ndivyo. Ni machungu, Waingereza huyanunua kwa ajili ya jamu yao ya asubuhi.

Jumapili, kabla ya kuachana, Mhasibu alifungua kipochi. Zilibaki euro 26. Kila mtu akapewa tano, na zile sita tukanunua chupa moja ya jamu ya danzi. Kwa kauli moja wakanipa mimi, kwamba nimefanya kazi kubwa ya kupanga. Kwenye uwanja wa ndege walinzi waliitoa begini: jamu inahesabiwa kimiminika, na chupa ilizidi mililita mia. Niliwatumia ujumbe nikiwa bado nafunga viatu. Mjerumani na Bi Muscat walicheka. Mhasibu alituma picha ya daftari lake, mstari wa mwisho: "Jamu, euro 6. Hasara. Adaiwe mpangaji."