Nilivyomaliza udiwani bila mkopo wa benki

Watu wananiuliza sana niliwezaje kutoka kwenye udiwani nyumba ikiwa bado yangu, maana huku kwetu Singida vijijini nawajua walioingia barazani wana ng'ombe wakatoka wanadaiwa mpaka na muuza vocha. Sio kwamba nilikuwa mjanja. Mwaka wa kwanza nilikuwa boya kabisa.

Mimi ni fundi pikipiki, nina kaduka ka spea pale senta, tyubu, cheni, oili, pleti za klachi, vitu vya kawaida tu. 2015 wazee wakaniita wakasema gombea, wewe watu wote wanakujua maana kila mwenye pikipiki kapita kwako. Makaratasi yenyewe wala hayana shida, uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika, uwe na chama kinachokusimamisha, upate wadhamini ndani ya kata, basi. Hela inaisha kwenye chai. Ukikaa na watu watano umenunua chai, wakifika kumi na chapati, na hujaongea neno. Kampeni nimepiga kwa pikipiki yangu na spika niliyoazima kwa jamaa mwenye kibanda cha mpira, na ahadi yangu kubwa ilikuwa barabara ya kwenda kijiji cha mwisho, kama kilomita 11 hivi, masika yakikolea hata punda anagoma. Tarehe 25 Oktoba nikashinda.

Sasa asikwambie mtu, siku unaapishwa jina lako linakufa. Ni Mheshimiwa mpaka kwa shangazi yako. Na Mheshimiwa hakosi hela. Asubuhi sijafagia duka wako watatu nje, mmoja nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya mkoa, mwingine mtoto kachaguliwa fomu wani hana viatu, wa tatu anasema nimekuja kukusalimia tu, huyo ndo wa kumuogopa. Posho ya diwani ilikuwa 350,000 kwa mwezi, na kipindi kile ilitoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kwahiyo halmashauri ikiwa haijakusanya unasubiri na wewe. Unakaa miezi miwili mkavu. Mtu wa kijijini hilo hajui, yeye anajua diwani ni mbunge mdogo.

Kilichoua duka sio kugawa hela, ni mkopo. Mtu anachukua tairi anasema nitakuletea jioni Mheshimiwa, utamfuata kweli? Mpiga kura wako? Ikawa shelfu zinapungua daftari linanenepa. Mwaka na nusu hivi nilikuwa nimebaki na kopo za grisi na taa za indiketa ambazo hazina mnunuzi.

Hapo ndo akaja kijana wa benki, kashika fomu, mtaratibu kweli, milioni nane unakatwa kwenye posho mpaka baraza linavunjwa. Wenzangu kadhaa walikuwa washachukua. Nikaja na fomu nyumbani nikamuonyesha mama watoto, akaisoma yote mbele na nyuma, akaniuliza, "Baba, hii hela inaenda kununua nini?" Nikaanza kutaja, msiba wa kule, mchango wa kule, harusi ya mtoto wa mwenyekiti, akanikatisha, "Kwahiyo tunakopa tukagawe." Akaikunja fomu akaiweka chini ya godoro na mpaka leo nadhani ipo hukohuko.

Tulikaa usiku ule tukapanga. Duka nikamkabidhi yeye na funguo zote, nikawa mtu akiniomba tairi namwambia duka la mama, muone mama. Na mama hana kura anayoitafuta, akikukazia macho unatoa hela. Walionuna walinuna, yupo mzee alipita wiki nzima hanisalimii, lakini mzigo ukaanza kuingia tena.

Misiba ndo ilikuwa mtihani. Kata ina vijiji vinne, mwezi mbaya unazika mara tano sita, na ukikosa kwenye msiba wa mtu hata ujenge shule ya ghorofa hukumbukwi. Nilikuwa natoa elfu ishirini, thelathini, nakaa kwenye kiti cha mbele na miwani yangu. Nikaacha. Nikawa napeleka mchele kilo tano na jembe. Yani nafika saa moja asubuhi kabla jua halijakausha udongo, navua viatu naingia kaburini na vijana. Mara ya kwanza walicheka, mzee mmoja akaniambia Mheshimiwa toka utachafua suruali, nikamwambia mzee wangu hii suruali ni ya gereji. Udongo wa kwetu juu kichanga chini ni mwamba, mnapiga sululu saa tatu nzima mnapokezana, na mle ndani hakuna itifaki jamani. Nimejua mambo ya kata yangu mle kuliko kwenye kikao chochote. Nani kauziwa eneo la malisho, mwalimu yupi haonekani shuleni tangu Jumatano, kisima kipi kimeharibika na fundi kala hela. Na kitu cha ajabu, mtu aliyekuona unatoka jasho kwenye kaburi la baba yake hakuombi elfu kumi. Anaona aibu mwenyewe.

Kadi za harusi nilishindwa, mpaka leo sina dawa ya kadi za harusi.

Turudi kwenye barabara, maana ndo iliyoninyima usingizi. Nimeahidi 2015 nikijua barabara za vijijini ziko kwenye halmashauri, naingia barazani napiga kelele inaingia kwenye bajeti. 2017 katikati ya safari ikaanzishwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, barabara zikahamia kule zote. Mwaka huohuo ushuru wa mazao ukashushwa, mazao ya biashara kutoka asilimia 5 ikawa 3, na ya chakula 2. Kwa mkulima wa alizeti ilikuwa nafuu kubwa nami nilifurahi kama mkulima, lakini kama diwani nikajua mfuko wa halmashauri umetobolewa. Sasa nenda kamwelezee mtu aliyekwama kwenye tope na gunia zake kwamba barabara sio yangu tena. Nilijaribu kwenye mkutano wa hadhara nikazomewa, tena na watoto.

Nilichofanya nikaacha kueleza. Nikawaambia wenyeviti wa vijiji vyote vinne twendeni kwa injinia tukamsikie, kila kijiji kikachangia nauli ya mwenyekiti wake (hapo nilikomaa, nauli sikutoa mimi), tukakaa naye, akafungua makabrasha akatuonyesha urefu wa barabara anazohudumia na hela aliyonayo. Waliporudi wakaeleza wao. Mtu akisikia kwa mwenyekiti wake anaamini, akisikia kwangu ni siasa. Kwa miaka yangu yote tukapata kalavati mbili na changarawe kwenye kile kipande kibaya cha mtoni. Kilomita 11 niliahidi.

Nguvu nyingine zote nikaweka kwenye boma la zahanati, ambalo nililikuta limeishia kwenye lenta na mbuzi wanalala humo. Utaratibu wananchi mnapandisha boma, halmashauri inamalizia, lakini wananchi walishachoka, miradi mitatu ilianzishwa kwa pamoja kabla yangu na yote imesimama njiani. Juu ya hapo 2016 elimu bila malipo ilivyoanza watoto walijaa darasa la kwanza, tukahangaika na madawati karibu mwaka mzima. Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti ni diwani, mtendaji wa kata ndo katibu, tukakubaliana mle hakuna kuanzisha kitu kipya mpaka hili boma lifungwe. Msaragambo kila Alhamisi, mchanga, mawe, maji ya kumwagia ukuta, asiyefika analeta kuku. Ilichukua muda. 2019 bati zikapanda.

2020 mabaraza yakavunjwa, nikachukua fomu tena ndani ya chama, kura za maoni nikawa wa tatu. Wa kwanza alikuwa na gari na mkono mwepesi, mimi nilikuwa na sifa ya uchoyo, niliisikia kwa masikio yangu nikiwa nimesimama nyuma ya ukumbi. Iliniuma kama wiki mbili hivi. Kiinua mgongo kilipotoka hakikukatwa hata senti na benki yoyote, nikaongeza mzigo dukani na mashine ya kujazia upepo.

Kilichonishangaza ni lile daftari la zamani. Sijamdai mtu, ila miezi michache baada ya mimi kuwa raia wa kawaida wakaanza kuja mmoja mmoja kulipa, tairi za 2016 huko. Nikamuuliza mmoja mbona miaka yote ile hukuja, akasema, "Sasa bro, ningekulipaje na wewe ulikuwa Mheshimiwa?"