Hija ya tatu Bagamoyo: hatimaye hakuna aliyeniuliza kaburi la Livingstone

Nimeongoza hija ya Bagamoyo mara tatu, na mara ya tatu ndipo tulipopanda basi kurudi Dar bila mtu hata mmoja kuniuliza, "Mwalimu, kaburi la Livingstone mbona hujatuonyesha?" Swali hilo, kuhusu David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti ambaye hakuzikwa Bagamoyo, limenisumbua miaka miwili. Leo naeleza nilivyolimaliza, kwa sababu najua kuna makatekista na viongozi wa vijana wengine wanaopewa kazi hii kila mwaka na kushauriwa vibaya kama nilivyoshauriwa mimi.

Kwenye kamati yetu ya parokia ushauri ulikuwa mwepisi: chapisha historia, wakusanye chini ya mti, wasomee, wakapige picha, wale pilau, warudi. Mwenzetu mmoja akasisitiza tuanzie makumbusho kabla jua halijawa kali. Mchango ulikuwa kama 20,000 kwa kichwa, nauli na chakula humo humo, na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, walilipa nusu.

Nikafanya hivyo hivyo. Niliwasimamisha chini ya ule mbuyu mkubwa uliopandwa na wamisionari mwaka 1868, nikawasomea kurasa nne. Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu wavuka kutoka Zanzibar 1868. Kimbunga cha Aprili 1872 chaiharibu misheni vibaya. Kanisa la kwanza. Nyumba ya mapadre. Nyumba ya masista, 1876. Kanisa jipya, 1910 hadi 1914. Yote kweli, na yote yakapita kama upepo. Watoto walikuwa wanautazama mnyororo uliomezwa na mbuyu. Inasemekana Mama Chevalier, aliyeendesha zahanati ya misheni, alifunga punda wake pale, mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa na kuufunika, sasa kinaonekana kipande kifupi tu. Mnyororo ule walikuwa tayari kuuzungumzia siku nzima. Mimi nikawaambia wanyamaze niendelee na tarehe. Nilikosea sana.

Tulipofika kwenye mnara wa kanisa la zamani nikasema mwili wa Livingstone ulilazwa hapa Februari 1874. Mama mmoja wa WAWATA (chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania), mtu mzima ninayemheshimu, akapiga ishara ya msalaba akauliza, "Basi kaburi lenyewe ni lipi, tuweke maua?" Nikaeleza kwamba alizikwa London. Ndani ya basi wakaniuliza tena. Wiki iliyofuata kwenye jumuiya nikamsikia kijana anawasimulia wenzake kwamba Bagamoyo ameona alipozikwa Livingstone.

Hapo nikaelewa kwamba hoja haikuwa kusoma vizuri zaidi. Watu walikuwa wamekaa mahali pamoja wakasikia maneno, na mahali penyewe hapakuwaambia kitu.

Safari ya pili nikaacha karatasi nyumbani. Tulifika mapema, saa moja na nusu asubuhi, tukashuka moja kwa moja ufukweni penye msalaba unaokumbusha kutua kwa wamisionari. Ukisimama pale bahari iko mbele yako, na ng'ambo ya maji ni Zanzibar, ambako misheni ya Wakatoliki ilianza mwaka 1860. Nikawaambia wageuke, waipe bahari mgongo, watembee. Njia inayokwenda misheni ina miembe mikubwa huku na huku, na asubuhi ile kivuli chake ni kizuri ajabu. Hakuna niliyemsomea chochote. Kila aliyefika kanisani alikuwa tayari anajua, kwa miguu yake, kwamba imani hii iliingia bara kwa njia ya maji.

Sehemu ya majengo nayo ilikwenda vizuri, na hapa nina neno. Watu hupenda kumwonyesha mgeni sanamu na picha tu. Mwonyeshe ukuta. Tafuta mahali lipu imebanduka, mwambie mtoto aweke kiganja. Atahisi vitundu, na akitazama vizuri ataona michoro ya matumbawe yenyewe. Mawe hayo ni ya bahari ile ile aliyoiacha nyuma dakika kumi zilizopita. Na chokaa iliyoyashika ilitoka huko huko: matumbawe yalichomwa kwenye tanuri la kuni, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Ndiyo maana kuta ni nene vile. Jiwe la matumbawe ni jepesi, halina nguvu ya granaiti, kwa hiyo fundi huongeza unene wa ukuta. Unene huo huo ndio unaofanya ndani kuwe na ubaridi wakati nje jua linaunguza.

Nikawauliza pia kwa nini nyumba za mawe za zamani za pwani vyumba vyake ni vyembamba na virefu kama korido. Kijana mmoja anayesomea ujenzi chuo cha ufundi cha VETA akajibu kabla yangu: boriti za mikoko. Mti wa mkoko hautoi boriti ndefu, mita tatu hivi basi, na upana wa chumba hufuata boriti. Sasa ingia kwenye kanisa la 1914 utazame juu. Ukumbi mpana vile hauwezi kuezekwa kwa boriti za mikoko, unahitaji kenchi, yaani fremu za kubebea paa. Matumbawe na chokaa ni ufundi ambao Waswahili wa pwani walikuwa nao karne nyingi kabla ya misheni, umbo la kanisa lilitoka Ulaya, na mikono ya kazi ilikuwamo ya watu waliokombolewa utumwani. Pango la Mama Maria wa Lurdi lililoko pale walilijenga wao, 1876. Watu waliofika pwani wakiwa mali ya mtu walimjengea Mama Maria pango, na mpaka leo tunapiga magoti mbele yake. Kila nikifika hapo sauti inanikatika, na sioni sababu ya kuificha.

Baada ya hapo nikataka wamwelewe Livingstone. Nilikuwa nimeandaa gunia la unga la kilo 25, nikalizungushia mkeka, nikalifunga kwenye mti mrefu wa mwanzi. Vijana wanne mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, wapokezane. Wazo zuri. Nikawapanga ufukweni, tukaja nalo kwa njia ya miembe tukiimba taratibu mpaka mnarani.

Mzee mmoja wa pale alikuwa amekaa kivulini anatutazama. Nilipomaliza maelezo akaniita pembeni kwa adabu. "Mwanangu, mmemleta kutoka baharini. Huyu hakutoka baharini. Alitoka bara, akaenda baharini."

Nikabaki kimya. Alikuwa na haki kabisa. Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa huko chini ya mti, mwili ukakaushwa, ukafungwa kwa nguo na magome, na watumishi wake Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wakaubeba miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka hapa. Mimi nikawabebesha vijana maiti kinyumenyume, na kwa kufanya hivyo nikawafundisha kwamba mnara ule ndio mwisho wa safari. Kwa nini basi wasifikiri kaburi liko pale? Nilimshukuru mzee, nikamkumbatia.

Safari ya tatu tulikuwa 43. Ufukweni asubuhi, miembe, ukuta wa matumbawe, mbuyu (na mnyororo niliwaachia waushike mpaka wachoke). Kisha nikawatoa nje kabisa, upande wa bara, nikawapa gunia. Kabla hawajalinyanyua nikawapa mambo mawili tu. La kwanza, njiani watu waliogopa maiti, hawakutaka ipite kwao, hivyo wabebaji wakaifunga upya ifanane na mzigo wa nguo. La pili, walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walimkuta ofisa Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Nilisimama sana kwenye jambo hilo la pili. Watu wasiokuwa na cheo walipewa ushauri na mkubwa, wakaupima, wakauacha, wakaendelea kutembea.

Wakabeba. Mwendo wa robo saa, na jua sasa lilikuwa limepanda. Wavulana waliokuwa wanacheka mwanzoni walinyamaza kufikia zamu ya pili. Mabinti walidai zamu yao nao wakapewa. Mnarani wakalilaza chini, tukakaa sakafuni kimya. Binti mmoja akauliza kwa nini Wakatoliki walimpokea Mskoti ambaye hakuwa Mkatoliki. Mtoto mdogo kuliko wote, wa darasa la nne, akamjibu, "Si walikuwa wamechoka?" Sikuongeza neno.

Makaburi ya wamisionari tulipitia baadaye, nikawaachia wapige hesabu ya miaka wenyewe kwenye mawe. Wengi walikufa vijana sana, homa na magonjwa ya pwani hayakuwapa nafasi. Makumbusho nikayaweka baada ya hapo, si mwanzo kama nilivyoshauriwa. Minyororo ya watumwa iliyomo mle inakuwa na uzito mwingine kwa mtu aliyekwisha kuona pango na kugusa ukuta. Kiingilio hakikutuumiza, jipange tu na elfu chache kwa kila mmoja, na mpigie simu paroko mapema ili msigongane na misa ya ndoa.

Saa sita ikakaribia, pilau imefika, nikasahau gunia. Yule mtoto wa darasa la nne ndiye aliyekuwa amesimama kando yake kwenye mnara, amekataa kwenda kula.

"Twende, baba, chakula kinapoa."

"Hatujafika," akasema. "Meli iko upande gani?"

Nikawaita wavulana wanne. Tukalinyanyua gunia, tukashika tena njia ya miembe, safari hii tukiikabili bahari, na wote 43 wakatufuata mpaka msalabani.